Mtaa Uliotajirika kwa Kuanika

Nchi yenyewe ilikuwa na jina, ila jina hilo lilikuwa limepelekwa kwenye kamati kwa marekebisho madogo, na kamati ilikuwa bado inabishana nani akae kiti cha mbele. Kwa hiyo tuiite nchi tu. Ilikuwa na bendera, wimbo, mito saba na wizara thelathini na nne, na katika hizo iliyopendwa kuliko zote ilikuwa Wizara ya Makadirio ya Mbali.

Zamani wizara hiyo ilikuwa idara ndogo ya takwimu, na ilikuwa na tabia mbaya ya kutuma watu majumbani kuuliza maswali. Mtu anapiga hodi, anapewa kigoda, anauliza, "Hapa mnakula mara ngapi kwa siku?" Matatizo yalianzia hapo, kwa sababu watu walijibu, tena kwa kirefu. Ukimwuliza mama habari za maji, alikupa habari za maji, za bomba, za fundi aliyekuja kutazama bomba akaondoka na koki, na za mkubwa aliyemtuma huyo fundi. Watumishi walirudi ofisini wamechoka, wengine wakilia. Waziri alipoona hivyo akapeleka bungeni Sheria ya Kutowasumbua Wananchi, ambayo kifungu chake cha kwanza kilikataza mtumishi yeyote kumwuliza mwananchi jambo lolote linalohusu maisha yake. Wabunge walisimama wakapiga makofi kwa dakika sita.

Tangu siku hiyo nchi ikawa inapimwa kwa mbali.

Mwaka wa kwanza ilipimwa kwa moshi. Penye moshi pana jiko, na penye jiko pana chakula. Jalala kuu la mji likashika moto, likaongoza nchi nzima kiuchumi kwa miezi mitatu. Mwaka wa pili ilipimwa kwa honi. Daraja moja likakatika, magari yakakwama siku nne yakipiga honi, mkoa ukapewa ngao ya biashara. Mwaka wa tatu Waziri alikuwa safarini kwa ndege, akachungulia dirishani, akaona nguo zimeanikwa.

"Ndugu wananchi," alisema kwenye runinga aliporudi, akiwa na sauti ya mtu aliyeota jambo kubwa, "mtu hawezi kuanika asichokuwa nacho."

Hicho ndicho kilichoitwa Kipimo cha Kamba. Satelaiti ya kukodi ilipita juu ya nchi kila siku saa nne asubuhi, ikapiga picha, na mashine ikahesabu vipande vilivyokuwa kwenye kamba. Vipande vingi, maisha mazuri. Vipande vichache, umaskini. Ili hesabu isichezewe, ikatungwa sheria nyingine: nguo yoyote inayoanikwa kabla ya saa nne ni takwimu ya taifa, na kuigusa kabla ya saa sita mchana ni kosa la jinai. Mzee mmoja alikamatwa kwa kuanua suruali yake mwenyewe. Kwa kuwa hakuwa na nyingine, alisimama mbele ya hakimu amejifunga taulo, na taulo nalo likachukuliwa kama kielelezo.

Chini kabisa ya mji, mahali ambapo maji yote ya mvua hukutana kabla ya kuamua yaelekee wapi, palikuwa na mtaa ulioitwa Shimoni. Nyumba ya mwisho ya Shimoni, karibu na mto, ilikuwa ya Sikudhani. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mume dereva wa lori ambaye alikuja nyumbani mara moja kwa mwezi akiwa na usingizi mwingi na zawadi ndogo, na binti wa miezi sita aliyeitwa Hidaya, mwenye mashavu ambayo kila mpita njia alijiona ana haki ya kuyabonyeza.

Mlango wa nyumba hiyo ulikuwa na miimo miwili, kama milango yote. Kwenye mwimo wa kushoto Sikudhani alichora kwa mkaa kimo cha maji kila yalipoingia ndani. Kwenye mwimo wa kulia alichora kimo cha Hidaya kila mwisho wa mwezi, akimshika kwapani na kumnyoosha, mtoto akikunja miguu kwa kicheko ili amharibie mama hesabu. Maji ya vuli iliyopita yalikuwa sentimita sitini na nne. Maji ya masika, themanini na saba. Siku hiyo Hidaya, akiwa na miezi miwili, alilala ndani ya beseni juu ya kabati, na mama yake alisimama majini ameshika ukingo wa beseni mpaka maji yaliposhuka. Kimo cha Hidaya mwenyewe sasa kilikuwa sitini na sita.

Sikudhani hakutaka makubwa. Alitaka uchimbwe mtaro wa maji ya mvua kutoka juu ya mtaa mpaka mtoni, kabla masika mengine hayajafika. Alikuwa amepiga hesabu. Mtoto alikuwa anakua vizuri, lakini hangeyawahi maji.

Kupiga hesabu alifundishwa na Mwalimu Longino. Huyu alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye chaki kwenye kiwiko, ambaye kila jioni alifundisha watu wazima katika shule ya msingi ya jirani. Sikudhani aliacha shule akiwa darasa la sita. Mwalimu Longino alimchukua hapo alipoachia, akamvusha mpaka desimali, wastani na grafu, bila kumcheka hata siku moja. Ni yeye aliyemfundisha kuandika saba yenye kijistari katikati.

"Saba isiyo na kijistari haina ulinzi," alimwambia, akimwongoza mkono kwenye ubao. "Mwenye nia mbaya anaifanya moja, na moja yako anaifanya saba. Wewe ukishaandika namba yako, iwe namba yako."

Jioni moja Sikudhani alimwonyesha daftari lake. Alikuwa amenakili miimo yote miwili: ukurasa wa kushoto maji, ukurasa wa kulia Hidaya. Mwalimu aliketi kwenye dawati la watoto, magoti yakimgusa kidevu, akasoma mstari kwa mstari.

"Nani alikuambia ufanye hivi?"

"Hakuna, Mwalimu. Ni mlango tu."

"Mwanangu, hii ndiyo takwimu. Wizara nzima haina karatasi moja yenye ukweli kama huu."

Sikudhani alitembea kurudi nyumbani siku hiyo kama aliyebeba kitu kinachoweza kumwagika.

Mwezi uliofuata Wizara ilimwajiri Mwalimu Longino kuwa Mkurugenzi Msaidizi wa Kutazama. Darasa lilimfanyia sherehe ya soda na karanga. Akamvuta Sikudhani pembeni. Mashine, alieleza, ilikuwa inakosea kidogo, wakati mwingine inahesabu mbuzi mweupe kama shuka. Walihitajika wahakiki wa mitaani, watu wa kutazama kamba kwa macho saa nne na kujaza fomu. Sheria ilikataza kuuliza, haikukataza kutazama. Na mwishoni mwa mwaka ripoti ingetaja mitaa iliyo katika hatari kubwa ya mafuriko na yenye hali duni, na mtaa wa kwanza ungechimbiwa mtaro kabla ya masika.

"Daftari lako nitaliambatisha," alisema. "Maji yako yatasomwa na Waziri."

Kazi ngumu ilikuwa kuwaeleza majirani. Bi Shangwe, mjane wa nyumba ya pili, ndiye aliyekuwa akibaki na Hidaya wakati wa masomo, na ndiye aliyesemea kina mama wote kisimani.

"Kwa hiyo serikali inataka kuhesabu chupi zangu."

"Na kanga pia, Bi Shangwe."

"Waambie ziko tatu, na moja imekufa mpira." Kina mama wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Bi Shangwe hakucheka. "Na sisi tunapata nini, Mama Hidaya, tukishahesabiwa?"

"Mtaro. Kabla ya masika."

"Kasema nani?"

"Mwalimu Longino."

"Na wewe umemwamini?"

"Yule kanifundisha desimali, Bi Shangwe."

Bi Shangwe alimtazama, kisha akamtazama Hidaya aliyekuwa mgongoni mwa mama yake, akitafuna ncha ya kitambaa cha kichwa cha mama huyo. "Haya. Desimali mimi siijui. Lakini wewe nakujua."

Miezi mitatu Sikudhani alihesabu. Kila siku ya jua, saa nne kamili, alipita kichochoroni na Hidaya mgongoni, akahesabu kamba moja baada ya nyingine. Shimoni ilikuwa na vipande mia tatu hivi, na alivijua kama watu: shati la bluu lisilo na kola, sare ya shule yenye viraka vya rangi mbili, kanga ya Bi Shangwe yenye maneno yaliyofutika. Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja tu, kilichoandikwa Idadi. Alikijaza kwa mwandiko wake bora kabisa.

Mwezi wa kumi na moja vuli ikaanguka. Maji yalishuka kutoka Kilima cha Wateule, walikokaa wakubwa, yakapita sokoni, yakachukua meza mbili na kuku wa mtu, yakaingia Shimoni mchana kweupe. Katika nyumba ya Sikudhani yalifika sabini na tisa. Hidaya alikuwa sabini na moja.

Siku ya tatu jua likatoka, na Shimoni nzima ikaanika.

Walianika kila kitu. Magodoro yalilazwa juu ya mabati. Mapazia, mazulia, mikeka, mito, sare za shule, daftari za watoto zikabanwa kwa vibanio ukurasa kwa ukurasa. Bi Shangwe alianika kanzu ya marehemu mumewe, ambayo hakuwahi kuitoa sandukuni tangu mazishi. Kamba hazikutosha, wakafunga nyaya kutoka nguzo hadi nguzo, wakatundika kwenye miti na kwenye madirisha. Mtaa wote ulinuka tope na sabuni. Saa nne satelaiti ilipita juu, kimya, kama kawaida yake.

Sikudhani alihesabu vipande elfu mbili, mia tatu na kumi na saba. Aliiandika namba hiyo kwenye kisanduku. Akageuza fomu, akaandika nyuma yake: *Vyote vimelowa. Hivi si vya kufuliwa, ni vya kuokolewa. Ndani ya nyumba hakuna kilichobaki.* Kisha akamfunga Hidaya mgongoni, akatembea mpaka Wizarani, maana jambo kama hilo hakutaka kulituma.

Mwalimu Longino alimfuata getini, kwa sababu tangu ile sheria Wizara haikuwa na viti vya wageni. Alikuwa na koti jipya. Kiwiko hakikuwa na chaki.

"Fomu haina sehemu ya maelezo," alisema.

"Ndiyo maana nimeandika nyuma."

Akasoma.

"Mwalimu, mashine itaelewa kwamba zimelowa?"

"Mashine haijui kulowa," alisema, akaikunja fomu na kuitia mfuko wa shati. "Lakini mimi najua. Niachie na daftari."

Akampa. Hidaya akanyoosha mkono akavuta tai ya Mwalimu, wote wakacheka, na Sikudhani akarudi nyumbani amepata nafuu.

Mwezi wa kwanza likaja tangazo kwamba Waziri mwenyewe angeisomea ripoti papo hapo Shimoni. Mtaa ulichangamka. Vijana walifagia tope, kina mama walipika, na Bi Shangwe alimwambia kila aliyepita, "Huyu binti, mnamwona? Huyu ndiye aliyetuletea." Sikudhani alimvika Hidaya gauni jeupe alilolifua mara tatu ili harufu ya mafuriko itoke.

Waziri alikuja na turubai, zulia jekundu na skrini kubwa. Zulia lilipofika kwenye dimbwi liliwekewa mbao ili Waziri asione dimbwi.

"Ndugu zangu wa Shimoni," alisema, "nimekuja kuwapongeza. Mmeishinda nchi nzima."

Watu wakatazamana.

"Kwa miezi mitatu mlikuwa na vipande mia tatu. Kisha, ghafla, mwezi wa kumi na moja, elfu mbili na mia tatu. Mmekua zaidi ya mara saba kwa wiki moja. Wataalamu kutoka nje wametupigia simu wakiuliza mnatumia dawa gani." Kwenye skrini ikatokea picha ya Shimoni kutoka juu, ikiwa na rangi kama bustani. "Tazameni magodoro hayo. Familia inanunua godoro, na kwa furaha yake inalipandisha juu ya bati, ili jirani naye aone. Tazameni wasomi hawa, wanaanika madaftari."

Mtu mmoja nyuma alianza kusema, "Mheshimiwa, yale maji," lakini ofisa mmoja alimwonyesha kwa upole kifungu cha pili cha ile sheria. Kujibu bila kuulizwa kulikuwa na adhabu yake.

"Nisiwe mchoyo," Waziri aliendelea, "wapo ndugu zetu ambao hali yao inatia uchungu. Mwaka mzima satelaiti imetazama Kilima cha Wateule. Mwaka mzima, ndugu zangu, haikuona hata soksi." Alitoa leso. Yeye mwenyewe aliishi huko, katika nyumba yenye mashine mbili, ya kufulia na ya kukaushia. "Watu hao wanaishije? Kwa hiyo mtaro utachimbwa Kilimani, kuanzia langoni kwa wanyonge hao, na maji yao yataelekezwa chini, mpaka hapa mpakani mwa Shimoni. Na msidhani tunapendelea. Asubuhi ya siku ya kuanza kazi mashine itatazama kwa mara ya mwisho, na katapila litapelekwa penye kamba tupu kuliko zote. Hiyo ndiyo kanuni, na kanuni haina mjomba."

Ukaletwa ukurasa wa mwisho. "Na kuhusu hatari za hali ya hewa," alisema Waziri, "hakuna. Ushahidi ni watoto. Mtaa wenye hatari watoto wake hudumaa. Huu ni ukuaji wa mtoto mmoja wa hapa hapa, umepimwa kisayansi."

Sikudhani aliutambua kabla hajasoma namba. Ulikuwa ukurasa wake wa kulia, mkubwa kama ukuta. Sitini na sita, sitini na nane, sabini, sabini na moja. Saba zake zilikuwa pale, kila moja na kijistari chake. Ukurasa wa kushoto haukuwepo. Palipochanwa palibaki meno ya karatasi, nayo pia yalionekana vizuri sana kwenye skrini.

Watu walipiga makofi kwa sababu maofisa walikuwa wanapiga makofi. Hidaya naye akapiga, maana alikuwa amejifunza wiki ile.

Sikudhani alimkuta Mwalimu Longino nyuma ya turubai, anakunja nyaya kama mtu asiye na mtu wa kumkunjia.

"Ulisoma nyuma ya fomu," Sikudhani alisema.

"Nilisoma."

"Ulijua."

"Sikudhani, nisikilize. Si Shimoni peke yake. Mitaa yote iliyopanda mwaka huu ilipanda baada ya mvua. Yote. Ningeandika vyako, ningeandika na vyao, na nchi nzima ingeshuka. Waziri ameshatangaza ukuaji nje. Mimi ni nani?"

"Wewe ni Mwalimu."

Akakunja waya uliokwisha kunjwa.

"Ukurasa wa maji uko wapi?"

"Nimeuhifadhi. Uko kabatini."

"Kabati gani?"

"Nyumbani," alisema, na kwa namna alivyotazama juu, kuelekea Kilimani, Sikudhani alielewa kwamba nyumba nayo ilikuwa mpya. "Nakushauri kama mwanangu. Mwakani mkilowa, msianike."

Sikudhani alitembea kurudi kwake bila kumwona mtu. Mlangoni Bi Shangwe alikuwa anamsubiri, ameshika cheti cha pongezi ambacho mtaa ulikabidhiwa, kikiwa na fremu.

"Mimi sikusoma," Bi Shangwe alisema. "Hapa wameandika nini?"

"Kwamba tumetajirika."

"Kwa kanzu ya mume wangu." Akakiweka cheti chini, kwa adabu, kama mtu anayeweka sahani ya watu. "Jioni leo usiniletee mtoto, Mama Hidaya. Mgongo unaniuma."

Mgongo huo uliuma wiki tatu. Kisimani watu walimpisha Sikudhani achote kwanza, na hakukuwa na dalili mbaya kuliko hiyo. Hakwenda darasani. Jioni alikaa mlangoni, kati ya mwimo na mwimo, Hidaya akijishikiza kusimama na kuanguka, kusimama na kuanguka. Mtoto alikuwa sabini na nne. Masika yalikuwa wiki saba mbele, na sasa maji ya Kilimani yangeletewa mtaro wa kuyaongoza yafike Shimoni upesi zaidi, yasipotee njiani.

Kilichomsumbua zaidi si mtaro. Alikuwa akikumbuka mkono wa Mwalimu juu ya mkono wake, ubaoni. Iwe namba yako. Alijaribu kulichukia neno hilo akashindwa, kwa sababu lilikuwa kweli. Akalirudia. Kisha akarudia na maneno ya Waziri, yote, taratibu, kama alivyofundishwa kusoma swali la hesabu kabla ya kulijibu, na alipofika kwenye kanuni isiyo na mjomba akamwinua Hidaya, akaenda kugonga kwa Bi Shangwe.

"Mgongo bado," Bi Shangwe alisema kutoka ndani.

"Sikuja kuleta mtoto. Nimekuja kuomba nguo zako zote. Zilowe chapa."

Mlango ukafunguka nusu. "Tena?"

"Mara moja ya mwisho. Na safari hii simwamini mtu, Bi Shangwe. Naiamini mashine tu. Yenyewe haijawahi kusema uongo, inasema tu ilichokiona."

Siku ya kuanza kazi, saa tatu na nusu asubuhi, kina mama hamsini na watatu wa Shimoni walipanda Kilima cha Wateule, kila mmoja na beseni kichwani. Nyuma yao kamba za Shimoni zilikuwa tupu, hata kitambaa cha kufutia vumbi hakikubaki. Kilimani katapila lilikuwa limekwisha paki, limefungwa utepe. Kina mama hawakusema neno. Walianika. Walianika kwenye uzio wa Waziri, kwenye nyaya zenye miiba, kwenye maua yaliyokatwa mfano wa tausi. Lango la Katibu Mkuu lilipata nepi kumi na nne. Kanzu ya marehemu ilipewa nafasi ya heshima, juu ya nguzo ya bendera ndogo.

Mlinzi mmoja alikimbia akashika shuka ili alivute. Mkubwa wake akamkamata mkono. "Saa ngapi?"

"Nne kasoro mbili, afande."

"Unataka kufungwa? Hiyo ni takwimu ya taifa."

Walinzi wakarudi nyuma, wakasimama kwa ukakamavu kuzilinda nepi.

Mwalimu Longino alitoka katika nyumba ndogo ya tatu, na kikombe cha chai mkononi. Kazi ya kuhakiki Kilima ilikuwa yake. Fomu ilikuwa kwapani.

"Sikudhani. Unaniharibia."

"Hesabu, Mwalimu. Saa nne inapita."

"Hizi si nguo za hapa. Wewe unajua, mimi najua."

Sikudhani alimtazama. Alikuwa amefikiri siku hiyo angekuwa na hasira, lakini kilichomjia kilikuwa kama kiu.

"Basi andika nyuma ya fomu," alisema.

Angani, kimya, kitu kikapita.

Saa tano mashine ilitoa hesabu: Kilima cha Wateule, vipande elfu moja mia tisa. Shimoni, sifuri. Hati ikajichapa yenyewe, ikajipiga muhuri, ikapelekwa kwa dereva wa katapila, mzee mtulivu ambaye kwa miaka thelathini alikuwa amefanya kila kilichoandikwa kwenye karatasi na hajawahi kujuta. Akakata utepe kwa ndoo ya katapila, akashuka Shimoni, akaanza kuchimba.

Mchana uleule Waziri alifuta Kipimo cha Kamba, akieleza kwamba wananchi walikuwa wamekiingizia hisia zao. Pakaanzishwa Kipimo cha Mbwa, maana penye mali hapakosi kubweka, mtaro ukawa sasa tuzo ya waliofanikiwa, na Kilima kikarudi mahali pake. Shimoni ilikuwa na mbwa mmoja, naye alikuwa na kikohozi. Ikaandikwa barua ya kumsimamisha dereva. Lakini dereva naye ni mwananchi, na ofisa yeyote ambaye angemfikia angelazimika kumwuliza kama yeye ndiye dereva, na kuuliza kulikatazwa. Barua ilizunguka mezani siku tisa wanasheria wakitafuta njia. Walipoipata, mtaro ulikuwa umepita mtaa wote, ukasimama hatua arobaini kutoka mtoni, nyuma ya nyumba ya Sikudhani. Mzee akasoma barua, akazima injini, akaaga vizuri, akaondoka.

Hatua arobaini zilizobaki walizichimba wenyewe kwa majembe na masufuria, siku nne, Bi Shangwe akitoa amri huku Hidaya yuko mgongoni mwake. Kuhusu mgongo huo hakuna aliyeuliza.

Masika yalikuja na kelele zake. Maji ya Kilima yalishuka, yakauona mtaro, yakaufuata kama yaliyofundishwa. Yaliyoingia ndani kwa Sikudhani yalifika sentimita kumi na moja, na Hidaya alisimama ndani yake ameshika kiti, akiyapiga kwa kiganja na kuyakemea.

Ukurasa wa maji haukurudi. Sikudhani alituma ujumbe mara mbili. Mara ya pili akajibiwa na karani kwamba Mkurugenzi, siku hizi si msaidizi tena, yuko kwenye semina ya kubweka. Shule ilipata mwalimu mwingine wa jioni, msichana mpole, mwenye chaki mpaka kwenye nyusi, na Sikudhani alirudi darasani akakaa dawati la nyuma.

Maji yalipokwisha kutoka, alichukua mkaa. Mwimo wa kushoto akaandika kumi na moja. Kisha akamsimamisha Hidaya kwenye mwimo wa kulia, na mara hii mtoto hakukunja miguu, alisimama wima mwenyewe, kidevu juu, kama mtu anayepigwa picha. Sabini na saba. Sikudhani aliandika saba ya kwanza, akaandika ya pili. Mkono ukarudi wenyewe, ukazitia kijistari zote mbili. Alisimama na mkaa wake akizitazama. Alitamani sana kujua namna nyingine ya kuandika saba.